Hori Iko Stoo

Bagamoyo
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mzee Kasian,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo. Naamini nyonga inaunga, na kwamba hapo Vigwaza hawakuruhusu kupanda ngazi tena. Naandika kwa karatasi kwa sababu binti yako ameniambia masikio yako hayapokei simu, na ujumbe wa simu huusomi kwa kuwa herufi zake ni za sisimizi. Mkweo Vedasto atakuletea barua hii akishashusha nyanya sokoni.

Niende kwenye jambo. Tangu Juni uliponikabidhi watoto wa katekisimu hapa kigangoni, nimewafundisha kila Jumapili baada ya misa na sijalalamika. Leo nalalamika.

Nimewaambia wachore kuzaliwa kwa Bwana, tujiandae na mchezo wa Krismasi. Watoto ishirini na watatu. Kumi na tisa wamemchora Mtoto Yesu ndani ya mtumbwi. Wawili kati ya hao wameufungia mashine nyuma. Watatu wamemlaza kitandani chini ya chandarua. Mmoja, Scola, yule mwenye pengo, amechora ng'ombe peke yake, anatokwa machozi. Nimeyahesabu matone, ni saba.

"Scola, ng'ombe analia nini?"

"Si hori ya kulia ng'ombe, Mwalimu? Ndiyo hapo wanapolilia."

Nikaeleza kwamba kulia huku kunatokana na kula, kama chumba cha kulia. Wakacheka, wakadhani nawatania. Halafu wakauliza kwa nini Yusufu alimpeleka mkewe gesti. Nikasema nyumba ya wageni ya zamani si gesti ya leo. Mtoto wa yule mama mwenye gesti karibu na stendi akasema gesti yao haijawahi kujaa siku ya Krismasi hata mara moja, na kwamba mama yake haipendi hadithi hii.

Nina maswali mawili. La kwanza, uliwafundisha nini miaka yote hii? La pili, watoto wanasema kuna hori inayotumika kwenye mchezo. Iko wapi? Mwezi wa tisa nilisafisha stoo nzima, nikatoa takataka za miaka kumi, na sikuona hori.

Wako katika Kristu,
Mwl. Skolastika


Vigwaza
Alhamisi, 21 Novemba 2024

Mwalimu Skolastika,

Milele amina. Marahaba. Nyonga ni yangu, niachie mwenyewe.

Watoto kumi na tisa kati ya ishirini na watatu wamepata. Sioni unacholalamikia. Hao watatu wa chandarua ndio wa kushughulikia.

Kuhusu gesti, usieleze historia ya nyumba za wageni. Sema "nafasi hakuna" uendelee. Hakuna mtoto wa Bagamoyo asiyejua nafasi hakuna ni nini. Wewe kosa lako ni kueleza. Nilikuona ile Jumapili ya kwanza, uliwaeleza watoto wa miaka sita maana ya kwaresima mpaka wawili wakalala.

Hori iko stoo. Iko nyuma kabisa, chini ya madawati mabovu, nimeifunika turubai langu la kijani. Usiiguse mpaka wiki ya Krismasi. Haiburuzwi sakafuni. Inabebwa.

Kasian


Bagamoyo
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mzee Kasian,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo.

Hori haiko stoo. Nimeingia leo na funguo zote tatu. Kuna ndoo mbili, ngoma iliyopasuka, sanamu ya malaika asiye na mkono na gunia la chokaa iliyoganda. Madawati mabovu nilishampa Kombo, yule anayetufyekea majani kwa ajili ya ng'ombe wake, akapikie. Aliondoka nayo pamoja na mbao nyingine zilizokuwa chini yake. Hori ya kulishia mifugo sikuiona, na mimi nimekulia Mbinga, nyumbani kwetu tulikuwa na ng'ombe wanne. Hori naijua. Kama kuna aliyeiba, aliiba kabla sijakabidhiwa.

Uliandika kwamba kosa langu ni kueleza. Leo nilieleza, tena kwa ufupi. Niliandika ubaoni: UMWILISHO. Nikasema Krismasi si nguo mpya wala soda. Ni Umwilisho, Mungu kutwaa mwili. Nikawapa karatasi waandike kwa maneno yao. Nakunakilia jibu lililorudiwa na watoto wanane, kwa kuwa walikaa benchi moja: "Umwilisho ni kulisha mwili, yaani pilau."

Nikafuta ubao.

Mavazi ya wachungaji tayari nimeyashona, kitambaa kigumu, hayatachanika. Kilichobaki ni hori. Nitamwomba fundi seremala atengeneze nyingine.

Mwl. Skolastika


Vigwaza
Alhamisi, 28 Novemba 2024

Mwalimu,

Mbao zipi?

Usimwite seremala. Nisome taratibu. Kwenu Mbinga hori ni kihondi cha kulishia ng'ombe. Ni kweli, hata kwenye Maandiko ndiyo maana yake. Lakini huku pwani hori ni chombo. Ni mtumbwi uliochongwa, wenye omo mbele na tezi nyuma, zilizoinuka. Mtoto wa huku ukimwambia hori, anaona chombo. Ndiyo maana wamechora walichochora.

Hori yetu ni nusu ya mbele tu. Tezi ilioza, tukaikata. Omo lake lina rangi ya kijani iliyobanduka, na upande wa kulia pamechorwa jicho jeupe. Urefu wake ni kama mtu mzima aliyelala. Haiibiki, inabebwa na watu wanne.

Hao watoto wanane wa pilau wamemkaribia Mungu kuliko ubao wako. Waache.

Narudia: mbao zipi? Na turubai langu liko wapi?

Kasian


Bagamoyo
Jumapili, 1 Desemba 2024

Mzee Kasian,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo. Leo tumeanza Majilio. Mshumaa wa kwanza umewashwa, watoto wamefika wote ishirini na watatu. Mvua za vuli zimenyesha kidogo. Paroko anakusalimu.

Mazoezi yanaendelea. Scola amekataa kuwa malaika, anataka kuwa ng'ombe. Nimekubali kwa sababu hakuna mwingine aliyeomba. Tatizo ni kwamba akifika kwenye nafasi yake analia. Analia machozi ya kweli, mabega yakitikisika, mpaka Mariamu anasahau maneno yake. Nimemweleza mara tatu. Ananitazama kwa huruma, kama mtu asiyejua ng'ombe wake mwenyewe. Mama wa gesti naye alikuja, akaomba tuseme wazi kwamba ile ilikuwa gesti ya mji mwingine. Nikamwambia ni ya Bethlehemu. Akasema, "Basi itajeni Bethlehemu kwa sauti."

Chakula cha watoto siku ya sikukuu kimeshapangwa. Ni pilau. Sina la kuongeza hapo.

Nauliza tu, mzee wangu: ile hori ni mali ya kigango? Au ni ya mtu? Na kama ingetokea isipatikane mwaka huu, kuna mtu ingemuuma zaidi ya watoto?

Mwl. Skolastika


Vigwaza
Alhamisi, 5 Desemba 2024

Mwalimu,

Umeandika ukurasa mzima na hukujibu mbao zipi. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamwambia binti yangu, huyu ameficha kitu. Hata hivyo umeuliza, nitajibu.

Hori ni ya Mwanahija, mjane wa Salumu. Anakaa nyuma ya soko la samaki. Si mali ya kigango. Imeazimwa.

Mwezi wa nne mwaka 1998 maji ya Ruvu yalimeza barabara. Nilikuwa ng'ambo, nimetoka kusali na mgonjwa. Saa nne asubuhi Salumu na mkewe walikuwa wanatafuta namna ya kufika hospitali, uchungu umeshamshika. Pikapu ya mwisho ilikuwa imejaa watu na magodoro. Dereva akasema nafasi hakuna. Godoro lilipata nafasi, Mwanahija hakupata.

Salumu akaleta hori yake. Yeye alishika upondo wa kusukumia chombo, mimi nilishika kanga ya kumsitiri mama huku nikitazama kando, na upepo ukininyang'anya. Mkunga hakuwepo. Mwanahija alituelekeza mwenyewe. Alilia, akatutukana, akalia tena. Mtoto alizaliwa katikati ya maji, hata mji hatujauona. Ni Hafidha.

Salumu alifariki mwaka 2011. Hori ikabaki juani, watu wakaitamani kwa kuni. Mwanahija akaniita, akasema, "Kasian, wewe ulikuwemo. Kaniwekee. Usiache ikawa kuni." Nikaiweka stoo. Tangu hapo kila Krismasi naitoa, naiweka mbele, nawaambia watoto: palikuwa na mama, akaambiwa nafasi hakuna, akazaa palipopatikana. Wanaitazama hori, kisha wanageuka kumtazama Hafidha, aliyekaa na mama yake benchi la nyuma. Hawa ni Waislamu na hawaji kusali. Wanakuja kuona chombo chao. Watoto wanaelewa siku hiyo hiyo. Sijawahi kuhitaji neno la ubaoni.

Mwaka huu kuna zaidi. Hafidha amejifungua mtoto wa kike tarehe kumi na tatu mwezi uliopita. Arobaini inaisha siku mbili kabla ya Krismasi. Mwanahija ameniletea salamu kwa Vedasto: anataka mjukuu alazwe ndani ya hori ile, apigwe picha. Nimemjibu hori iko stoo.

Sasa jibu. Mbao zipi?

Kasian


Bagamoyo
Jumapili, 8 Desemba 2024

Mzee Kasian,

Shikamoo.

Zile mbao ndizo hori yako.

Nilijua tangu barua yako ya Novemba ishirini na nane, uliposema jicho jeupe. Mwezi wa tisa nililiona lile jicho. Nilidhani ni chokaa imedondoka. Niliona kipande cha mtumbwi kilichokatika, nikamwambia Kombo, "Na hilo gogo chukua." Alikuja na wenzake watatu wakalibeba. Walilibeba, mzee, hawakuliburuza. Hilo tu ndilo nililolitimiza, na sikuwa nimeambiwa bado.

Jumatatu nilikwenda kwa Kombo. Hayupo, yuko msibani Pangani, na simu yake haipatikani. Nikamkuta mkewe Ashatu. Nikamuuliza kuhusu mbao za kanisani.

"Zile kuni? Mwalimu, Mungu akubariki. Zilipikia pilau la harusi ya wifi yangu. Ziliwaka hizo, hata mafuta ya taa hatukutia."

"Zote?"

"Zote. Una nyingine?"

Sikukuandikia hili Jumapili iliyopita kwa sababu nilitaka kwanza kujua kama ilikuwa mali ya mtu. Hiyo ni sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba niliona aibu. Nimefundisha miaka kumi na moja, nasahihisha Kiswahili cha darasa la sita, na nimepata sifuri kwa neno la herufi nne.

Nadhani nimwambie seremala atengeneze mfano wake, na wewe umwandikie Mwanahija.

Mwl. Skolastika


Vigwaza
Alhamisi, 12 Desemba 2024

Mwalimu,

Hapana.

Simwandikii. Nimeweka ahadi miaka kumi na tatu, siwezi kuivunja kwa stempu. Aliyeitoa stoo ni wewe na miguu unayo. Nenda kwake, umwambie kabla ya arobaini, asije akamvalisha mtoto bure. Usipeleke zawadi na usieleze.

Seremala mwache. Hori ya kuigiza ni sanduku.

Kasian


Bagamoyo
Jumapili, 15 Desemba 2024

Mzee Kasian,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo.

Nilikwenda Ijumaa jioni. Nilimkuta Mwanahija barazani anachambua mchele, Hafidha yuko ndani na mtoto. Nikasalimu, akaitikia, akanionyesha mkeka. Nikasema bila kueleza, kama ulivyoagiza: "Mama, hori yako nimeigawa kwa kutojua, na imechomwa." Maneno hayohayo.

Aliendelea na mchele. Alitoa mawe matatu, akayaweka ukingoni mwa ungo. Kisha akauliza, "Kwenu wapi?"

"Mbinga."

"Kuna bahari?"

"Kuna Ziwa Nyasa, lakini sisi ni wa milimani."

"Haya." Akatoa jiwe jingine. "Ulipoiona, ulijua hori ni nini?"

"Nilijua ya ng'ombe."

"Basi neno hukukosea, mwanangu. Umekosea bahari."

Nilitamani anigombeze. Badala yake akamwita Hafidha alete chai. Hafidha akatoka, mama yake akamwambia kwa sauti ileile ya kawaida, "Hori imechomwa." Yeye ndiye aliyeshindwa kujizuia. Akaniambia, "Mwalimu mzima! Jicho lile hukuliona? Baba alilichora kwa mkono wake!" Nikasema nililiona. Akarudi ndani na chai yake.

Wakati naondoka Mwanahija akasema, "Mwambie Kasian simlaumu. Mwambie pia nimechoka kuambiwa iko stoo."

Nimemaliza. Mchezo utafanyika bila hori. Nitatandika mkeka.

Mwl. Skolastika


Bagamoyo
Jumapili, 22 Desemba 2024

Mzee Kasian,

Alhamisi Vedasto alikuja mikono mitupu. Nimekuelewa. Naandika hata hivyo, na nakuomba usome ukiwa umekaa.

Kombo amerudi. Jana asubuhi alikuja na panga lake kufyeka majani. Nikamwendea.

"Kombo, zile mbao za mwezi wa tisa."

"Madawati? Yamekuwa pilau, Mwalimu. Umechelewa."

"Na lile gogo la mtumbwi?"

"Gogo gani? Unasema hori?" Akasimamisha panga. "Hori iko bandani. Nani achome hori? Mwembe mtupu ule, hata mchwa umewashinda. Mke wangu bandani haendi, anasema kunanuka, atajuaje?"

Nilimfuata kwa miguu mpaka shambani kwake. Banda lina ng'ombe wawili wa maziwa. Katikati yao iko hori. Upande uliokatwa ameuziba kwa ubao na saruji, pande mbili amepigilia nguzo. Imejaa majani na pumba. Jicho liko palepale, limelambwa mpaka limeng'aa. Mimi nilimpa kuni. Yeye aliitumia kama hori kwa kuwa ni hori. Sina cha kumfundisha.

Nikamwambia tunaihitaji kanisani Jumatano.

"Ukiing'oa itapasuka. Halafu ng'ombe wangu watalia wapi? Kwenye sahani zako?"

Nikapanda bajaji mpaka kwa Mwanahija. Sikueleza, nilimwambia tu, "Mama, twende." Akaja na Hafidha, mtoto mgongoni, ingawa arobaini ilibakiza siku mbili. Kule bandani Mwanahija aliinama, akaligusa omo, akanusa vidole.

"Pumba," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kulia, mzee. Sikupanga. Hafidha alitazama kando. Kombo akajifanya anatafuta ndoo. Mwanahija alinitazama, akatazama ng'ombe, akasema, "Ee, hori ya kulia hii. Mimi nimelia humo, na ng'ombe wa Kombo wanalia humo. Sasa na wewe umeanza? Zamu yako imetoka wapi?"

Kombo alicheka mpaka akakalia ndoo.

Imeamuliwa hivi, na Mwanahija ndiye aliyeamua: hori haing'olewi. Jumatano baada ya misa watoto watakwenda bandani. Paroko nimemwambia. Amekubali, ameuliza tu kuhusu viatu.

Mwl. Skolastika


Bagamoyo
Alhamisi, 26 Desemba 2024

Mzee Kasian,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, na heri ya Noeli. Natoa taarifa kama ilivyokuwa.

Tulitoka kanisani saa nne na nusu, watoto ishirini na watatu, wazazi kama arobaini. Mariamu na Yusufu walibisha hodi kwenye mlango wa stoo ya pumba. Mwenye nyumba akajibu, "Nafasi hakuna hapa BETHLEHEMU," kwa sauti ambayo mama wa gesti aliridhika nayo. Mchungaji mmoja alikanyaga mavi ya ng'ombe akarudi nyumbani. Malaika waliimba nje kwa sababu ndani hapakutosha.

Scola alikuwa amevaa kitenge cha kahawia na masikio ya boksi. Aliingia tayari kulia. Akasimama kando ya ng'ombe wa kweli, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Watu wote tukasubiri. Kisha akanigeukia, katikati ya mchezo, akasema kwa sauti, "Mwalimu, huyu halii! Anataka kula!"

Nilimweleza hivyo tangu Novemba. Umenisikia? Tangu Novemba.

Mchezo ulipokwisha Mwanahija akasogea mbele na mjukuu. Mtoto wa gesti akauliza kama huyo ndiye Yesu. Mwanahija akamjibu, "Mjukuu wangu haigizi. Yeye analala tu." Kombo akasukuma majani upande mmoja, Hafidha akatandika kanga, mtoto akalazwa. Hakuamka. Vedasto amepiga picha na ameisafisha kwa yule bwana mwenye studio, ameiweka ndani ya bahasha hii.

Watoto hawakuuliza swali hata moja. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili. Yako mfukoni mwangu bado.

Nisamehe, mzee.

Skolastika


Vigwaza
Jumapili, 29 Desemba 2024

Mwalimu Skolastika,

Milele amina. Marahaba. Heri na kwako.

Picha nimeipata. Kwanza nimewaona wachungaji. Wamevaa turubai langu. Usinieleze.

Nami nina la kuungama. Miaka kumi na tatu nilisema "hori" nikanyamaza hapohapo. Nilijua pana "ya kulia ng'ombe", lakini sikuwa na ng'ombe wa kuwaonyesha, na nilichoshwa na yale maswali ya machozi. Nikawaachia wabaki na chombo. Michoro ile kumi na tisa ni kazi yangu. Ningekuambia Novemba, lakini ulikuja na kiburi cha Mbinga nami nikakujibu kwa kiburi cha pwani, hori ikawa katikati inalisha ng'ombe.

Mwanahija alisema isiwe kuni. Haikuwa kuni. Ahadi imetimia, si kwa akili yako wala kwa yangu. Mwambie Kombo aiache hapohapo.

Picha nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, asubuhi nzima. Mtoto amelala juu ya kanga. Nyuma yake yuko yule ng'ombe, shingo imenyooka, majani yamebaki mdomoni. Binti yangu anasema anamwabudu. Mimi nimekaa na ng'ombe wachache, lakini najua njaa nikiiona. Anasubiri mtoto aondolewe aendelee kula. Hajamsukuma. Amesogea, anasubiri.

Hilo sijawahi kuwafundisha. Kwenye pikapu watu walisema nafasi hakuna. Bethlehemu vilevile. Aliyetoa nafasi alikuwa na njaa, na alitoa sahani yake.

Jumapili waambie watoto hivyo, maneno hayo tu. Halafu ukae chini. Ukianza kueleza utaharibu.

Kasian